Kabila lina umri gani?

Oktoba 2016 Wamakonde wa Kenya waliondoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais. Shida yao ilikuwa kipande, yaani kitambulisho. Wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa ya pwani enzi za Mwingereza. Watoto wakazaliwa hapo, wajukuu wakazaliwa hapo, na bado serikali haikuwa na mahali pa kuwaandika, maana katika orodha ya makabila ya Kenya hawakuwamo. Na katika Kenya ya leo mtu asiye na kitambulisho hasajili laini ya simu, hafungui akaunti benki, haajiriwi kazi ya maana na hapigi kura. Rais Uhuru Kenyatta aliagiza wapewe uraia, na mapema mwaka 2017 vitambulisho vikaanza kugawiwa. Magazeti yakatangaza kabila la 43. Kabla mwaka huo haujaisha, Wakenya wenye asili ya Kihindi wakatangazwa la 44. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Wapemba, ambao wamekuwa wakivua samaki pwani ya Kenya kwa vizazi kadhaa.

Habari hizi ukizisoma harakaharaka zinachekesha kidogo. Kabila linazaliwaje kwa tangazo la serikali? Wamakonde walikuwepo siku zote, wakichonga vinyago, wakicheza ngoma zao, wakioana na kuzikana. Rais hakuwaumba. Ila si kweli pia kwamba hakuna kilichoumbwa. Kuna kitu ambacho Septemba 2016 hakikuwepo na mwaka uliofuata kilikuwepo, na kitu hicho kinamfungulia mtu akaunti ya benki.

Wanasosholojia wanaposema jamii "inajengwa" na watu wenyewe, wanazungumzia vitu vya namna hii. Kauli hiyo inaeleweka vibaya kuliko kauli nyingine nyingi za taaluma yao. Kwenye mabishano ya vijiweni na mitandaoni utakuta kambi mbili. Wa kwanza wanasema makabila ni uongo wa mkoloni, alituletea atugawanye. Wa pili wanasema makabila yapo tangu enzi na enzi, damu haifutiki. Kwa maoni yangu kambi zote mbili zinateleza kwenye jiwe moja: zinaamini kwamba kitu kilichotengenezwa na watu hakiwezi kuwa cha kweli. Basi wa kwanza wakigundua kilitengenezwa wanakitupa, na wa pili kwa kuwa wanakiona ni cha kweli wanakana kwamba kilitengenezwa.

Angalia fedha. Juni 2019 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 mwisho wake ni tarehe 30 Septemba. Usiku wa siku hiyo noti ilikuwa fedha, na asubuhi yake muuza mboga alikuwa haipokei. Karatasi ilikuwa ileile, wino uleule, picha ileile. Makubaliano ndiyo yaliyohama. Lakini mtu aliyekuwa amefungia mamilioni ya noti hizo sandukuni, akashindwa kueleza amezipata wapi, hakupata hasara ya kufikirika. Alifilisika kweli.

Kabila, ndoa, mpaka wa nchi, cheo cha mwenyekiti wa kijiji, foleni ya benki, haya yote yapo kwa namna hiyo. Yapo kwa sababu watu wanayatenda kila siku na kutarajiana wayatende. Mwaka 1966 wanasosholojia wawili, Peter Berger na Thomas Luckmann, waliufafanua mwendo huu vizuri. Watu wanaanza kufanya jambo kwa sababu linawafaa. Jambo likirudiwa linapata jina, linapata kanuni, linapata ofisi na mhuri. Wanaozaliwa baadaye wanalikuta limekwisha kusimama, nao hawaoni jambo lililoanzishwa na mtu, wanaona hali ya dunia ilivyo. Mwisho linaingia ndani yao. Mtoto anasema "mimi ni Mluhya" au "mimi ni Mchaga" kwa uhakika uleule anaosemea kwamba ana mikono miwili. Anapofika hapo, mwanzo wa jambo umekwisha kusahaulika, na huko kusahaulika ndiko kunakolipa nguvu.

Kinadharia ni rahisi kukubali. Kuona likitokea mahali fulani, kwa miaka fulani, mikononi mwa watu wenye majina, ni kazi nyingine. Twende Kilimanjaro.

Mlima na watu wake

Mlima wenyewe haukuhitaji makubaliano ya mtu. Una mita 5,895, na ungekuwa nazo hata binadamu wote wangesahau kuupa jina. Watu wa mitelemko yake ni habari nyingine. Mmisionari Johannes Rebmann alipofika mwaka 1848 alizikuta nchi ndogondogo nyingi, kila moja na mangi wake, yaani chifu, mipaka yake, mifereji yake ya maji na askari wake: Machame, Kibosho, Uru, Moshi, Kilema, Marangu, Mwika, na nyingine nyingi kuelekea Rombo. Watu wa pwani waliokuja na misafara ya biashara waliiita sehemu yote Chaga. Wenyeji wenyewe walijiita kwa nchi zao. Mmachame alikuwa Mmachame. Akikutana na mtu wa Rombo, hata kuelewana kwa maneno ilikuwa taabu, na mpaka leo Kimachame na Kirombo si kitu kimoja.

Halafu walipigana. Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, na Mangi Sina wa Kibosho walishindania ng'ombe, mateka na biashara kwa miaka mingi. Wajerumani walipokuja, Rindi alijiweka upande wao, na mwaka 1891 Wajerumani wakaipiga Kibosho. Baadaye kibao kikageuka. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli, mtoto wa Rindi, alinyongwa na Wajerumani pamoja na viongozi wengine, wakati Mangi Marealle wa Marangu akiwa ndiye kipenzi cha Boma, yaani ofisi ya serikali ya kikoloni. Katika habari hizi zote mtu akitafuta "umoja wa Wachaga" hatauona. Ataona majirani wanaotumia mgeni mwenye bunduki kumalizana wao kwa wao.

Miaka 52 baadaye, Januari 1952, mjukuu wa yule Marealle, Thomas Marealle, akasimikwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachaga wote. Alichaguliwa kwa kura. Watu wa Kibosho, Machame na Rombo walikuwa sasa raia wa kitu kimoja chenye kiongozi mmoja, bendera yake na sikukuu yake. Nusu karne tu. Kati ya kamba ya Meli na kiti cha Marealle kulipita nini?

Kwanza kahawa. Wamisionari wa Kikatoliki ndio walioileta mlimani, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza wenyeji wakaanza kuipanda kwa wingi kwenye vihamba vyao, yaani mashamba ya ukoo, chini ya migomba. Walowezi wa Kizungu hawakupenda. Walisema kahawa ya wenyeji italeta magonjwa mashambani mwao, ingawa hofu kubwa ilikuwa kukosa vibarua. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, Joseph Merinyo akiwa mmoja wa viongozi, na mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na chama cha ushirika, KNCU. Mkulima wa Machame na wa Marangu, ambao babu zao walikuwa wakiibiana ng'ombe, sasa walikuwa na bei moja, ghala moja, mnunuzi mmoja na adui mmoja. Hakuna mtu aliyewahubiria undugu. Gunia ndilo lililowakutanisha.

Tena usidhani ilikwenda kama maji mtelemkoni. Mwaka 1937 wakulima waliokasirishwa na kulazimishwa kuuza kupitia chama walivamia maghala ya ushirika wao wenyewe. Chombo kilichowaunganisha ndicho kilichowagombanisha, na hata ugomvi ule ulijenga: walikuwa wakigombana juu ya kitu kimoja, kitu cha "sisi".

Pili, karatasi. Utawala wa Mwingereza chini ya Gavana Donald Cameron, aliyefika Tanganyika mwaka 1925, uliamini kwamba kila Mwafrika ana kabila, kila kabila lina chifu, na kazi ya serikali ni kumtafuta chifu huyo na kumpa hazina na mahakama. Pasipokuwa na chifu mmoja, maofisa walitafuta namna ya kumpata au kuunda baraza. Kwa mtu wa chini maana yake ilikuwa rahisi: ukitaka shule, zahanati, barabara au haki ya ardhi, serikali itakusikiliza ukija kama kabila. Ukija kama ukoo wa watu wa mto fulani, utaambiwa usubiri. Watu hawakuwa wajinga. Wakaja kama kabila. Mwaka 1949 Petro Njau na wenzake walianzisha chama cha siasa, na kelele kubwa ya chama hicho ikawa kutaka Mangi Mkuu mmoja. Wazo halikushushwa kutoka Boma peke yake. Wenyeji waliliona linafaa, wakalichukua, wakaligeuza kuwa silaha dhidi ya wamangi wadogo na dhidi ya Boma lenyewe.

Tatu, gazeti. Miaka ya 1950 baraza la Wachaga lilikuwa na gazeti lake, Komkya, lililotangaza habari za "taifa" la Wachaga mlima mzima. Liliandikwa kwa Kiswahili. Na lingeandikwa kwa lugha gani nyingine? Kwa Kimachame, watu wa Vunjo, upande wa mashariki wa mlima, wangeona wametawaliwa. Kwa Kivunjo, Machame wangenuna. Sijui mfano mzuri zaidi wa jinsi jamii inavyojengwa kwa vifaa vilivyopo mkononi: fahari ya kabila moja ikapigwa chapa kwa lugha ya makabila yote.

Kiti cha Mangi Mkuu hakikudumu. Mwaka 1960 watu walipiga kura kikaondolewa, na mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ikafuta uchifu nchi nzima. Ofisi ikafa. Uchaga haukufa, jambo ambalo nitalirudia.

Kabila lililotoka redioni

Hadithi ya Kilimanjaro si ya peke yake, na upande wa Kenya iko wazi zaidi. Kabla ya Vita Kuu ya Pili hakukuwa na watu wanaojiita Wakalenjin. Walikuwepo Wakipsigis, Wanandi, Watugen, Wakeiyo, Wamarakwet, Wapokot na wengine, na wakoloni waliwaita tu watu wanaosema lugha za Kinandi. Wakati wa vita mtangazaji mmoja wa redio alikuwa akianza matangazo yake kwa neno "kalenjok", yaani nawaambieni. Vijana wa jamii hizo waliokuwa wakisoma Alliance High School walilichukua neno hilo kwa umoja, "kalenjin", wakaliita klabu yao, wakalipeleka Makerere, likaingia kwenye siasa. Leo ni jina la mamilioni ya watu, limetoa marais wawili, na ulimwengu wa riadha unalijua kuliko unavyojua majina mengi ya nchi za Afrika.

Waluhya nao ni wa kipindi hichohicho. Wabukusu, Wamaragoli, Wawanga, Wanyole na wenzao walianza kutumia jina hilo kwa pamoja miaka ya 1930 na 1940, wakati wa vyama vya siasa vya Kavirondo Kaskazini na majaribio ya kutengeneza lugha moja ya maandishi ambayo haikupendwa na wote. Huko pwani Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wachonyi, Wajibana na Wakauma, waliokuwa wakiitwa kwa dharau Wanyika, walijikusanya chini ya jina Mijikenda miaka hiyo ya 1940. Kaya zao, yale makazi ya zamani ndani ya misitu, ni za karne nyingi, na baadhi zimo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2008. Kaya ni kongwe. Jina la kuziunganisha ni rika moja na babu zetu.

Kwa nini wote miaka ileile? Miji ndiyo sababu kubwa. Kijana wa Kipsigis aliyebaki nyumbani hakuhitaji jina kubwa, kila mtu alimjua ni mtoto wa nani. Akifika Nairobi, Mombasa au kambi ya jeshi, akipangwa chumba na watu asioelewana nao, anasikia mtu nyuma yake anasalimia kwa maneno yanayofanana na yake. Hawatoki sehemu moja. Nyumbani wangeweza hata kuwa maadui. Mjini ni ndugu, kwa sababu mjini kuna makundi makubwa na mtu wa kundi dogo anaonewa. Kisha baraza la kutunga sheria likaanza kupokea wajumbe wa Kiafrika, na hapo hesabu ikawa kila kitu. Jina linalokusanya watu laki kadhaa lina faida kuliko majina kumi ya watu wachache wachache.

Kilichotengenezwa kinaweza kuua

Wanaosema "ni uongo wa mkoloni, tuachane nao" inabidi wapite Rwanda. Kabla ya Wabelgiji, majina Hutu, Tutsi na Twa yalikuwepo, na hayakuwa mepesi: yalibeba ng'ombe, ubwana, utumishi. Ila mtu aliweza kupanda au kushuka; ukoo ukipata ng'ombe na cheo, vizazi vichache baadaye ulihesabiwa vingine. Miaka ya 1930 Wabelgiji wakatoa vitambulisho, na kabila likaandikwa humo. Kilichokuwa kinasogea kikagandishwa. Mtoto alirithi neno la kitambulisho cha baba yake. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, neno hilohilo lilitosha mtu akatwe panga. Kumwambia mtu aliyepona pale kwamba kabila ni kitu cha kufikirika ni kukosa adabu, na ni kukosa kuelewa pia.

Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Baadhi ya majina ya makabila yaliyotumiwa kuamua nani afukuzwe shambani hayakuwa yamefikisha hata miaka 70.

Zanzibar inaonyesha upande mwingine: jinsi watu wanavyohama kutoka jina hadi jina pale jina linapokuwa na bei. Sensa ya mwaka 1924 iliandika maelfu ya watu kuwa Waswahili. Ile ya 1931 ikawakuta wachache mno. Hawakuwa wamekufa wala kuhama. Jina la Mswahili visiwani lilikuwa limeanza kunukia utumwa, basi waliohesabiwa wakajitaja Washirazi, Wahadimu, Watumbatu, Waarabu. Ukiongeza kwamba haki na nafasi nyingi chini ya serikali ile zilitolewa kwa kundi, utaelewa kwamba kujibu swali la karani wa sensa lilikuwa jambo la sahani ya chakula na si la ukoo tu.

Taifa nalo lilijengwa

Watanzania tuna tabia ya kusikiliza habari hizi za majirani tukijipongeza. Sisi hatuna ukabila. Mimi hilo nalipokea nusu. Kweli serikali ya Nyerere ilifanya kazi kubwa: machifu wakaondolewa, mwanafunzi wa Bukoba akapelekwa kusoma Songea na wa Songea akapelekwa Tabora, vijana wakachanganywa kwenye kambi za JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), Kiswahili kikawa lugha ya ofisi na ya shule ya msingi. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Tangu hapo hakuna takwimu rasmi ya kusema Wasukuma ni asilimia ngapi, na mwanasiasa anayetaka kugawana vyeo kwa hesabu ya makabila hana hesabu ya kushika. Sera ya kutouliza ni ujenzi sawa na sera ya kuuliza.

Lakini hilo taifa ambalo ndani yake makabila yalitulizwa ni jengo jipya kuliko makabila mengi. Jina Tanganyika liliwekwa na Waingereza mwaka 1920. Tanzania ni la mwaka 1964. Bibi yangu alizaliwa kabla ya jina la nchi yake.

Na si kila kilichojengwa kilisimama. Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, iliwahamisha mamilioni ya watu kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika na kuwapanga kwenye vijiji vya ujamaa, wengine kwa kushawishiwa, wengine nyumba zao zikichomwa moto. Lengo lilikuwa kutengeneza jumuiya mpya: shamba la pamoja, duka la pamoja, undugu usio wa damu. Ukienda leo Dodoma au Lindi, vijiji vingi vipo, na watu wanasema "kijiji chetu" kwa fahari, wana kisima, shule, uwanja wa mpira na timu. Shamba la pamoja limekufa karibu kila mahali. Naona sababu si siri. Shule na kisima viliwakutanisha watu kila siku bila mtu kuwasukuma. Shamba la pamoja lilihitaji msimamizi na daftari la mahudhurio, na siku msimamizi alipoacha kuja, watu nao waliacha.

Kazi ya kila siku

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Serikali, kahawa na redio vinaweza kuanzisha jambo. Kulishikilia lisianguke ni kazi ya watu wa kawaida, wanaifanya bila kujua kwamba ni kazi. Wakenya wawili wakitambulishana, jina la pili tu linatosha: mmoja akisikia Ochieng', Wafula, Mutua au Kamau ameshajua aanze kwa salamu gani, na ameshaweka mtu kwenye chumba chake kichwani kabla chai haijaletwa. Mtanzania atauliza "kwenu wapi?" na hataridhika ukisema Kinondoni. "Hapana, kwenu kabisa." Swali hilo dogo, likiulizwa mara elfu na watu elfu, ndilo sensa isiyo na karani.

Tazama na utani. Msibani, watu wamenyamaza, jeneza limefika makaburini, mtani wa marehemu anashuka kaburini analala chali. Hatoki mpaka alipwe. Wafiwa wanabembeleza, yeye anasema hela haitoshi, marehemu alikuwa bahili na watoto wamerithi. Waombolezaji wanaanza kucheka huku machozi hayajakauka. Mwingine amevaa kanzu ya marehemu anaigiza mwendo wake. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulikua kwenye njia ya misafara kati ya Tabora na Bagamoyo, mgeni akihitaji mahali pa kulala na pa kuzikwa akiwa mbali na kwao. Wangoni wana watani katika makabila waliyopigana nayo. Waliokuwa wakiuana walitafuta namna ya kuzikana.

Wengi husifu utani kuwa dawa ya ukabila, na dawa ni kweli. Ila ili nikutanie lazima wewe ubaki Mzaramo na mimi nibaki Mnyamwezi. Utani unauondoa uhasama na kuuacha mpaka mahali pake, umepakwa rangi upya. Ndiyo maana makabila yetu yamedumu bila machifu na bila sensa: yanatunzwa kwenye vicheko, kwenye vikao vya harusi, kwenye vyama vya kuzikana, na siku hizi kwenye vikundi vya WhatsApp vyenye jina la kata fulani ambayo nusu ya wanachama hawajawahi kuishi.

Turudi kwa Uchaga niliosema haukufa. Kila Desemba mabasi ya Dar es Salaam kwenda Moshi yanajaa, na wasio Wachaga wanatania kwamba wenzao wameenda kuhesabiwa. Utani huo una akili. Watoto waliozaliwa Mbezi au Tegeta, wasiojua Kichaga zaidi ya salamu, wanapelekwa kihambani. Wanaonyeshwa makaburi ya babu zao kati ya migomba, wanaonyeshwa isale, lile jani linalopandwa mipakani na linalopelekwa kwa mtu kuombea msamaha. Mbuzi anachinjwa na nyama inagawanywa kwa cheo, kila kiungo na mwenyewe. Mzee anapewa mbege, pombe ya ndizi, kwanza. Mtoto anasimama pembeni na simu yake, anaangalia nani kapewa nini, na kwa siku mbili hizo anapata ramani ya ukoo ambayo hakuna shule ingemfundisha.

Basi likirudi Dar, Januari, mtoto huyo ni Mchaga kidogo zaidi ya alivyokuwa Novemba. Hakuna tangazo la serikali lililotumika, na nauli ilikuwa ghali.

Sasa vihamba vimegawanywa baba kwa mtoto kwa vizazi vingi mpaka vingine vimebaki saizi ya kiwanja. Kahawa imeng'olewa kwa wengi, haikulipa. Yale mambo mawili yaliyowakusanya watu wa mlima karne iliyopita, ardhi na gunia, yanapungua nguvu mbele ya macho yetu, na kilichobaki kinabebwa zaidi na sherehe, makaburi na nauli ya Desemba. Inaweza kutosha. Kuna Wachaga wanaofanya biashara Mwanza na Mbeya ambao wamejenga nyumba nzuri Kibosho wanayolala siku kumi kwa mwaka, na nyumba hiyo, yenye geti na vigae na bila mpangaji, imejengwa kwa ajili ya siku kumi hizo.